Tunapoililia Kompyuta ya Chogo

Siku hizi ukipita kwenye vimbweta jioni utakuta watu wanabishana kuhusu kompyuta ambazo hawakuwahi kuzinunua. Mmoja ameweka sauti ya kuwaka kwa Windows XP kama mlio wa simu. Mwingine ameweka kile kilima cha kijani chenye anga la bluu kwenye skrini ya simu yake, simu yenye nguvu kuliko kompyuta yoyote iliyowahi kuonyesha kilima hicho enzi zake. Wa tatu ana programu inayofanya picha zake zionekane kama zimepigwa kutoka kwenye monita ya chogo, na ile mistari yake ya kuchezacheza.

Sina ugomvi nao, maana na mimi nimo. Ila kuna maneno yanayoambatana na mtindo huu ambayo yananikera: "Enzi zetu kompyuta zilikuwa kompyuta." Nimeyasikia kwa mhadhiri wa miaka sitini na kitu, nimeyasikia kwa fundi wa miaka arobaini, na juzi nimeyasikia kwa mtu wa miaka ishirini na mbili akimwambia dogo wa mwaka wa kwanza. Kila kizazi kina kompyuta yake ya kulilia, na kila kizazi kinaamini kompyuta halisi ziliisha siku chenyewe kilipomaliza shule. Haiwezekani wote wawe sahihi. Basi tunalia nini hasa? Nauliza kwa sababu muhula huu jibu lake lina kazi ya kufanya hapa chuoni, nitafika huko.

Tuanze na mzee. Mhadhiri wetu mmoja, nitamwita Dokta tu, alikwenda kusoma Uingereza miaka ya 1980. Huko, kwenye nyumba aliyopanga chumba, akakutana na ZX Spectrum. Hii ni kompyuta ndogo iliyotolewa na kampuni ya Sinclair mwaka 1982, nyeusi, yenye vibonye vya mpira. Ile ya kilobaiti 16 ilianza kuuzwa pauni 125, ya kilobaiti 48 pauni 175. Kilobaiti 48, ndugu msomaji, ni ndogo kuliko picha moja ya "asubuhi njema" anayoituma shangazi yako kwenye kundi la familia. Haikuwa na monita, uliichomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Haikuja na diski. Programu zilikaa kwenye kaseti ya kawaida, kama hizi za muziki, na ukitaka kucheza gemu ulibonyeza redio kaseti, ukakaa dakika kadhaa unasikiliza milio ya kukwaruza masikio. Sauti ikiwa juu mno au chini mno, mwishoni unapata ujumbe wa kosa. Unarudisha kaseti nyuma, unaanza upya.

Nilimuuliza Dokta, kwa heshima zote, kama kweli anakosa kukaa dakika tano kusikiliza kelele. Akacheka sana. Hapana, akasema, anachokikosa ni kwamba ukiiwasha mashine ile haikukuletea picha za kubonyeza. Ilikuwa inakungoja wewe uandike. Lugha ya BASIC ilikuwa imo ndani tayari, huna cha kusakinisha. Unaandika mstari mmoja, inakujibu. Mtoto wa mwenye nyumba wake, wa miaka kumi na moja, alikuwa anatunga gemu zake mwenyewe, na kwa maelezo ya Dokta hakuwa mtoto wa akili za kutisha. Alikuwa mtoto wa kawaida aliyechoshwa na gemu mbili alizokuwa nazo.

Hapo nikamwelewa. Lakini sasa rudi nyumbani, mwaka huohuo wa 1982.

Kompyuta ya kwanza hapa kwetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mambo ya hesabu yaliyotegemea kompyuta kwenda kombo, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa polepole sana. Televisheni nayo, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994, ingawa wenzetu Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo kati ya vitu vyote alivyohitaji mtoto yule wa Kiingereza, yaani kompyuta, televisheni na redio kaseti, nyumba nyingi za huku zilizobahatika zilikuwa na kimoja tu, na hicho kilikuwa na shughuli ya kupiga dansi na taarabu. Dokta anaposema "enzi zetu", wetu hao ni watu wachache waliopanda ndege. Simlaumu kwa kupanda ndege. Nataka tu hesabu ikae sawa.

Na msije mkadhani kubanwa ndio mwisho wa mambo. Yugoslavia ya wakati ule nayo ilibana uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Mwaka 1983 mhandisi mmoja, Voja Antonić, akabuni kompyuta ambayo mtu angeweza kuiunga mwenyewe nyumbani, ikaitwa Galaksija. Michoro yake ikachapishwa kwenye gazeti, wasomaji wakaagiza vipande, wakakaa na chuma cha kulehemu mezani. Maelfu ya watu waliijenga. Kisha redio moja ya Belgrade ikawa inarusha programu hewani: mtangazaji anawaambia wasikilizaji waweke kaseti tayari, halafu inafuata ile milio ya kukwaruza, watu wanarekodi, wanakwenda kuzipakia kwenye mashine zao. Mimi nikisoma habari hii huwa nawaza Redio Tanzania Dar es Salaam ya wakati huo, baada ya matangazo ya vifo, ikisema: sasa andaeni kaseti zenu. Kaseti tulikuwa nazo. Redio tulikuwa nazo hadi vijijini. Lakini tuachane na ndoto.

Kizazi cha pili ni cha mama yangu. Alifungua steshenari mwaka 2003 karibu na shule ya sekondari, na kompyuta moja ya mtumba yenye Windows 98, printa moja, na mashine ya fotokopi iliyokuwa inaugua kila mwezi. Walimu walileta mitihani kuchapishwa, na kazi zilihifadhiwa kwenye flopi. Flopi ile ya inchi tatu na nusu ilibeba megabaiti 1.44. Picha moja ya simu yako haiingii. Halafu ilikuwa inakufa bila kuaga, vumbi kidogo tu, ndiyo maana mama alikuwa anamwambia kila mteja alete flopi mbili. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kurasa zote ambazo hazijahifadhiwa zimekwenda. Hakuwa na UPS. Siku moja ulikatika akiwa amemaliza mtihani mzima wa Jiografia wa kidato cha tatu, pamoja na jedwali zake, akarudia kuuchapa usiku kucha kwa umeme wa mashaka. Mpaka leo mama akiandika barua kwenye laptopu anahifadhi kila baada ya mistari miwili, kidole kinakwenda chenyewe.

Huyu ndiye nilitegemea atalia kuliko wote. Nikampigia kumuuliza kama anaikumbuka ile kompyuta.

"Naikumbuka mwanangu, ndiyo iliyokulipia ada mpaka kidato cha nne," akasema. "Lakini isirudi."

Nadhani hayo ndiyo maneno ya akili kuliko yote niliyosikia kuhusu jambo hili. Watu waliozitumia mashine zile kutafutia riziki hawana muda wa kuzipamba. Anayezipamba mara nyingi ni yule aliyezichezea. Tena tukumbuke kwamba hata waliozitengeneza hawakuwa na mahaba nazo hivyo: sauti maarufu ya kuwaka kwa Windows 95 ilitungwa na mwanamuziki Mwingereza Brian Eno, na baadaye akasema aliitunga akitumia Mac.

Sasa kizazi changu. Kama mwaka 2010 hivi mama alinunua kompyuta nyingine ya dukani na ile aliyokuwa akiitumia wakati huo, Pentium 4 yenye XP, ikaletwa nyumbani. Iliwekwa sebuleni, chogo lake limeegemea ukuta, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu. Tulikuwa watoto wanne na majirani wasiohesabika. Zamu ilikuwa nusu saa kwa saa ya ukutani, na wote waliobaki wanakaa nyuma ya mchezaji kumfundisha kazi. Hakuna aliyekuwa na siri kwenye kompyuta ile. Kila mtu alijua mwenzake anafanya nini, ameandika nini, ameshindwa wapi.

Intaneti haikuwepo pale nyumbani. Watu wanalisimulia hilo kama dhiki, mimi naona ndilo lililotusomesha. Ulikuwa na gemu ya karata, gemu ya mabomu, Encarta kwenye sidii, na basi. Ukimaliza kusoma habari za nyangumi kwenye Encarta mara ya kumi, unaanza kufungua folda kuona kuna nini ndani. Kwenye folda ya Windows tukakuta sauti zote za kompyuta zimekaa pale kama mafaili ya kawaida, zikiwa na majina yake. Kaka yangu akarekodi jogoo wa jirani, tukaweka jogoo mahali pa sauti ya kuwaka. Kwa miezi mitatu kompyuta ya nyumbani kwetu iliwaka kwa kuwika. Kilima kile cha kijani tukakitoa pia, ingawa leo najua ni picha halisi, ilipigwa California mwaka 1996 na Charles O'Rear, na ni kilima cha kweli.

Halafu kulikuwa na fundi. Kompyuta ilipogoma kuwaka na kuanza kutoa milio mirefu, alikuja na bisibisi moja. Akafungua skrubu mbili za ubavuni, akapuliza vumbi, akachomoa RAM, akaomba ufutio wa penseli. Akaisugua ile sehemu ya dhahabu kama mtu anayefuta kosa la hesabu, akairudisha, ikawaka. Jogoo akawika. Nilikuwa darasa la tatu, na jambo lililoniingia siku ile ni kwamba ndani ya lile boksi hamna uchawi. Kuna feni, kuna waya, kuna kipande kinachochomoka na kurudi. Mara ya pili ilipogoma hatukumwita fundi.

Kwa hiyo nikiwaweka pamoja Dokta na sisi, naona tunalilia kitu kilekile kwa majina tofauti. Yeye alikuwa na mashine iliyomngoja aandike. Sisi tulikuwa na mashine iliyofunguka kwa skrubu mbili na folda ambazo hazikufichwa. Kasi hatuililii, flopi hatuililii, na mtu akitaka kunirudishia virusi vya flashi ambavyo viligeuza mafaili yangu yote kuwa njia za mkato, nitamkimbiza.

Na hapo ndipo lile neno la "madogo wa siku hizi hawajui kompyuta" linaponiudhi. Mdogo wangu yuko kidato cha pili. Anahariri video kwa dole gumba kwa namna ambayo mimi sitaiweza hata nikipewa mwaka. Lakini juzi amepakua kitabu cha Fizikia, akaniuliza kimekwenda wapi. Kipo kwenye simu, ila hajui wapi, na simu haina haja ya kumwambia. Aliwahi kuniuliza pia kama tunaweza kuifungua tuone ndani. Nikamwonyesha: imegundishwa kwa gundi pande zote. Laptopu nyingi mpya nazo hivyo, RAM imelehemewa kwenye mazabodi, hakuna cha kuchomoa wala cha kusugua kwa ufutio. Mtoto huyu udadisi anao uleule wa yule mtoto wa mwenye nyumba wa Dokta. Amepewa mashine iliyofungwa, halafu tunamcheka kwamba hajui ya ndani.

Tena wengine hata hiyo iliyofungwa hawakuwa nayo. Rafiki yangu mmoja tuliyekaa naye chumba kimoja mwaka wa kwanza aligusa kibodi kwa mara ya kwanza hapahapa chuoni, wiki ya kwanza, kwenye kujisajili. Alikuwa na ufaulu kuliko mimi. Nyuma yake foleni ilikuwa inaguna kwa sababu anatafuta herufi moja moja, na kuna mtu akasema kwa sauti, "Huyu hata XP haijui." Alijifunza kuchapa kwenye kile chumba cha kompyuta za mezani ghorofa ya chini, usiku, wakati hakuna wa kumwangalia. Yeye ndiye ananisomea makala hii kabla sijaituma, na amesema niliache jambo hili limo.

Ukitaka kuona kumbukumbu za zamani zilizozaa kitu, angalia Cambridge. Miaka ya 2000 Eben Upton na wenzake pale chuoni waliona waombaji wa sayansi ya kompyuta wanapungua, na wanaokuja hawana mazoea ya kuandika programu kama waliokuja miaka ya 1990. Wale wa zamani walikuwa wamekulia kwenye Spectrum na BBC Micro vyumbani mwao. Wangeweza kukaa kwenye vimbweta vyao wakasema enzi zetu. Badala yake wakatengeneza kompyuta ya bei ndogo, ukubwa wa kitambulisho, bila boksi, kila kipande unakiona kwa macho. Ikatoka mwaka 2012 kwa jina la Raspberry Pi, toleo lake la kwanza likiuzwa dola 35. Unaichomeka kwenye televisheni, kama ile ya 1982. Hata majina ya matoleo yake, Model A na Model B, waliyachukua kwenye BBC Micro.

Nasi tunacho cha kwetu cha kufanya, na muda wake ni mfupi. Mwezi uliopita lilibandikwa tangazo kwamba kile chumba cha ghorofa ya chini kitafungwa, kiwe sehemu ya kupumzikia yenye soketi na viti laini, na kompyuta zake za mezani zitapigwa mnada kama zilivyo. Sababu iliyoandikwa ni kwamba wanafunzi wengi sasa wana laptopu. Aliyeandika hivyo aje bweni letu wiki ya ripoti za fildi. Laptopu moja, vitanda vinne, zamu ya mwisho inaanza saa nane usiku. Wengine wanaandika ripoti nzima kwenye simu, halafu wanakwenda steshenari kulipia mtu awapangie kurasa na jedwali. Bumu likichelewa na steshenari nayo inangoja.

Niseme mapema kwamba sitetei vyombo vyote vilivyomo mle. Monita za chogo zilizorundikwa pembeni ziondoke. Kioo chake kina madini ya risasi, si kitu cha kuvunjwavunjwa nyuma ya jiko la kafeteria na vijana wa chuma chakavu, zipelekwe kwa wanaojua kuziteketeza kwa usalama. Printa zile mbili zimeshakufa, zizikwe. Lakini masanduku yale ya mezani mengi yanafunguka kwa skrubu mbili, yana RAM inayochomoka, na mengi yanahitaji tu Linux nyepesi na mtu wa kuyapuliza vumbi. Mnadani yatakwenda kwa bei ya kilo.

Ninachopendekeza serikali yetu ya wanafunzi iombe ni kompyuta kumi tu zibaki, na chumba kibaki wazi jioni na Jumamosi. Nne kati yake ziwe za kufungua: mwaka wa kwanza yeyote, awe wa Sheria au Kiswahili, aje azivunje mpaka mifupa na kuzirudisha. Zikiharibika ndiyo kazi yake. Zile sita ziwe za kuchapia, bila mtu kuguna nyuma. Dokta ameshakubali kuja Jumamosi mbili kwa mwezi kufundisha BASIC kwa wanaotaka, kwa sharti asiitwe mzee. Fundi mmoja wa pale getini naye yuko tayari kwa nauli na chakula cha mchana. Viti laini na soketi vinaweza kukaa korido ya ghorofa ya pili, ambako hata sasa watu wanachajia simu sakafuni.

Barua ya maombi iko kwa Waziri wa Taaluma wa serikali ya wanafunzi, inahitaji saini za viongozi wa madarasa yote kabla ya mitihani, kwa sababu mnada umepangwa wiki inayofuata. Mpaka naandika hapa zimesaini madarasa sita. Bisibisi ninazo mbili, na ufutio mama amesema atatuma boksi zima.